Umehamishwa kituo, akaunti yako ya ofisini umeikabidhi kwa nani?

Mtumishi akihamishwa kutoka Gonja kwenda Same mjini, kuna vitu anakabidhi siku ya mwisho: funguo za ofisi, mhuri kama alikuwa nao, majalada yaliyokuwa mezani kwake. Anasaini makabidhiano, anapanda gari. Kitu kimoja ni rahisi sana kusahaulika kwenye ile hati, nacho ni akaunti yake kwenye mfumo wa nyaraka.

Akaunti nayo ni ufunguo. Ila ufunguo wa chuma ukiurudisha umeurudisha. Nywila, au pasiwedi kama wengi wanavyosema, unaondoka nayo kichwani.

Jambo hili linazidi kuwa na uzito kwa sababu ofisi za umma zinahama kwenye karatasi. Mamlaka ya Serikali Mtandao, e-GA, imetengeneza Mfumo wa Ofisi Mtandao, maarufu kama e-Office, ambao barua na majalada yanasomwa, yanaandikiwa dokezo na kutumwa kwa afisa mwingine kwenye kompyuta. Kwa tarafa kama Gonja, iliyo mbali na makao makuu ya wilaya, faida yake haihitaji maelezo marefu. Barua iliyokuwa inasubiri gari la kupitia Kisiwani inafika Same dakika hiyohiyo. Mtandao ukiwepo, lakini.

Masjala ilikuwa na mlango mmoja

Kwenye karatasi, ulinzi ulikuwa unaonekana kwa macho. Kuna masjala ya wazi na masjala ya siri, na kila moja ina mtunza kumbukumbu wake. Ukitaka jalada unaliomba, jina lako linaandikwa kwenye daftari, ukimaliza unalirudisha. Ukionekana unazungukazunguka masjala ya siri bila kazi, lazima uulizwe umefuata nini.

Kwenye mfumo hakuna anayekuona. Kwa hiyo kompyuta inabidi ifanye kazi ya yule mtunza kumbukumbu. Akaunti inaieleza wewe ni nani. Ruhusa zinaieleza unaweza kufungua nini, na kama unaweza kusoma tu au hata kubadilisha na kuidhinisha. Halafu kuna daftari la ndani, ambalo kila ulichofungua linakiandika pamoja na saa na jina la akaunti.

Ruhusa kwa kawaida hufungwa kwenye cheo. Afisa kilimo anaona majalada ya kilimo, afisa utumishi anaona ya watumishi. Kanuni ni kumpa kila mtu kinachomtosha kwa kazi yake, basi. Afisa kilimo hana sababu ya kusoma jalada la nidhamu la mwalimu wa sekondari, hata kama wanakunywa chai pamoja kila saa nne.

Hapa ndipo uhamisho unapoleta shida. Chukulia mfano wa afisa aliyekuwa anashughulikia migogoro ya ardhi, kisha akapelekwa idara nyingine. Huko anapewa ruhusa mpya, sawa. Lakini zile za zamani asipozifuta mtu, anabaki nazo zote mbili. Akihama mara tatu, anatembea na funguo za ofisi nne. Afisa TEHAMA yuko halmashauri, na hawezi kujua kwamba fulani ameondoka kama utumishi hawajamwambia.

Dawa yake ni ya kawaida kabisa: mstari mmoja kwenye hati ya makabidhiano, unaosainiwa na afisa TEHAMA. Kuna mpangilio wake pia. Kwanza kazi ambazo hazijaisha zihamishiwe kwa anayebaki, la sivyo barua ya mwananchi itakwama kwenye sanduku ambalo hakuna anayelifungua. Kisha ruhusa za cheo cha zamani ziondolewe. Mtu akiacha kazi kabisa, akaunti ifungwe, isifutwe. Ukiifuta, kwenye mifumo mingine unapoteza na jina la aliyeidhinisha malipo au hati miaka mitatu iliyopita, na mkaguzi akija mtabaki mnatazamana.

“Ingia kwangu uipitishe”

Kuna tabia nyingine ambayo karibu kila ofisi inaijua. Bosi yuko kikaoni Moshi, anapiga simu: ingia kwangu uipitishe hiyo barua. Pasiwedi anaitaja hapohapo kwenye simu, au iko kwenye kikaratasi chini ya kibodi.

Barua inapita fasta, kweli. Lakini daftari la mfumo linaandika kwamba aliyepitisha ni bosi. Siku ikiibuka hoja, bosi atasema hakuwepo, katibu muhtasi atasema alitumwa, na hakuna kati yao mwenye ushahidi. Mifumo mingi ya nyaraka ina njia halali ya kukaimisha: bosi anamteua mtu, anaweka tarehe ya kuanza na ya kuisha, na kila kinachopita kinaandikwa kwa jina la anayekaimu. Inachukua dakika chache. Ukishalazimika kukariri pasiwedi ya mkubwa wako, omba kukaimishwa. Hapo unajilinda wewe mwenyewe.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamtia hatiani anayeingia kwenye mfumo wa kompyuta kwa makusudi bila idhini, kwa adhabu inayoanzia faini ya shilingi milioni 3 au kifungo cha mwaka 1, au vyote kwa pamoja. Kisha kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Hiyo inaibana taasisi yenyewe: ikishika taarifa zako za afya, ajira au familia, inatakiwa izilinde. Mwananchi anayeona taarifa zake zimevuja anaweza kulalamika kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Vikundi na Google Drive

Nje ya serikali hali ni tete zaidi, maana kikundi cha kuweka na kukopa au kamati ya maji haina afisa TEHAMA. Mihtasari na orodha ya wanachama viko kwenye Google Drive ya katibu, kwa barua pepe yake binafsi. Katibu akigombana na mwenyekiti, nyaraka zinaondoka naye. Asipogombana na mtu lakini akaacha tu kuitumia akaunti kwa miaka 2, Google inaweza kuifuta pamoja na vilivyomo.

Linki iliyowekwa wazi kwa kila mwenye nayo ni hatari nyingine. Ikitupwa kwenye kundi la WhatsApp, madeni ya wanachama yanasomwa mpaka na watu wa Dar.

Afadhali kikundi kifungue akaunti yake chenyewe, nywila ijulikane na viongozi wawili, na wanachama wengine waongezwe kwa barua pepe zao kama watazamaji. Uhariri abaki nao anayeandika. Uongozi ukibadilika, nywila ibadilishwe siku hiyohiyo, na namba ya simu ya kurejesha akaunti pia. Hiyo namba wengi wanaisahau, na laini ikikaa bila kutumika muda mrefu, kampuni ya simu huja kuiuza kwa mtu mwingine.