Neno la Mteja: Tovuti za Biashara na Utafutaji kwa Rununu katika Miji ya Mlima Kenya

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika enzi ya rununu, methali hii yahitaji kufasiriwa upya, kwani hata kizuri hakijiuzi iwapo mnunuzi hakioni. Aghalabu msafiri afikaye Nyeri au Nanyuki usiku huitoa rununu mfukoni na kuandika maneno mawili matatu kabla ya kumuuliza mpita njia. Makala hii inafafanua namna tovuti ya biashara ndogo inavyoweza kuonekana katika utafutaji huo, na kubainisha kwamba kiini cha suala hili ni uteuzi wa maneno.

Rununu na Mtambo wa Utafutaji

Nchini Kenya, wateja wengi walikuwa wamezoea kulipa kwa rununu, kufuatia kuzinduliwa kwa M-Pesa mwaka wa 2007, kabla ya wafanyabiashara kufikiria kuwa na tovuti. Mwaka wa 2015, kampuni ya Google ilianza kuzipa kipaumbele kurasa zinazosomeka vyema kwenye rununu pale mtu anapotafuta kwa chombo hicho. Mnamo Oktoba 2023, ilitangaza kukamilisha mpango wa kuzisoma tovuti kwanza kupitia sura yake ya rununu. Hivyo basi, ukurasa unaopendeza kwenye tarakilishi lakini usiosomeka kwenye kioo kidogo hupoteza nafasi yake.

Google hueleza kuwa matokeo ya utafutaji wa biashara za mahali fulani hutegemea mambo matatu: ulinganifu wa biashara na kinachotafutwa, umbali, na umaarufu. Mwenye duka Karatina hawezi kulisogeza duka lake karibu na kila mteja. Umaarufu nao hujengwa polepole, yakiwemo maoni ya wateja. Ulinganifu, hata hivyo, umo mikononi mwake leo, kwa kuwa hujengwa kwa maneno.

Maneno na Majina

Kosa la kawaida ni mfanyabiashara kuandika jinsi anavyojisifu badala ya jinsi anavyotafutwa. Hoteli hujiita "makao yenye utulivu usio kifani", ilhali mteja ameandika "vyumba vya bei nafuu Nanyuki". Duka hutangaza "suluhisho kamili la usafiri", ilhali mteja anataka "spea za Probox Karatina". Maneno ya mteja yanapaswa kuonekana katika kichwa cha ukurasa na aya ya kwanza. Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba kuyarudiarudia ovyo huichukiza mitambo na wasomaji pia, mithili ya shairi linalotimiza vina na kukosa maana.

Majina ya mahali pia yanahitaji uangalifu. Nyeri ni mji na pia kaunti. Biashara iliyoko Othaya ikijitaja kuwa ya Nyeri pekee humpotosha mteja. Kirinyaga ni jina la kaunti na vilevile jina la mlima wenyewe; kwa hiyo yafaa kuandika "Kerugoya, Kaunti ya Kirinyaga". Mukurwe-ini huandikwa kwa kistari na bila kistari, na katika tahajia ya Kikuyu irabu zake huwekewa alama. Mwandishi makini huchagua umbo ambalo wateja huliandika na kulitumia vivyo hivyo kwenye tovuti, kwenye ramani na kwenye matangazo.

Hali kadhalika, bei na orodha ya vyakula ziandikwe kama maandishi, zisifungiwe ndani ya picha. Picha zenyewe zipunguzwe uzito ili zisimalize bando la mteja. Google hupendekeza kuwa sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5. Nambari ya simu iwe ya kubonyezwa, na maelekezo yataje kile ambacho wenyeji hukitaja, kama vile steji ya matatu au soko.

Ni busara pia biashara kumiliki anwani yake, kwa mfano yenye kikomo cha .co.ke. Mnamo Machi 2024, Google ilizifunga tovuti za bure ilizokuwa imewawezesha wafanyabiashara kuziunda kupitia orodha yake ya biashara. Aliyeitegemea tovuti hiyo pekee alipoteza ukurasa wake.

Hitimisho

Imebainika kuwa fundi huijenga tovuti, lakini neno ndilo limfikishalo mteja. Hapa pana kazi kwa wanafunzi wa Kiswahili, wakiwemo walio katika vyuo vya eneo hili. Wanaweza kukusanya maswali ambayo wateja huyauliza sokoni na kwenye steji, kwa Kiswahili, Kikuyu na Kiingereza, kisha wawasaidie wafanyabiashara kuyajibu kwa lugha sanifu inayoeleweka. Kurasa za Kiswahili zisipoandikwa, mteja atafutaye kwa Kiswahili atajibiwa kwa lugha nyingine, naye mwenye duka la jirani hatajua kwamba alitafutwa.