Fahamu: Mtoto asiyejua Kiingereza anavyosaidiwa katika shule za Marekani

Machi 2025 Rais Donald Trump alitia saini amri iliyokifanya Kiingereza lugha rasmi ya Marekani. Kwa familia za wakimbizi, wakiwemo Wakongo wanaozungumza Kiswahili, swali ni moja: itakuwaje kwa watoto shuleni?

Amri hiyo haikufuta hukumu ya mwaka 1974 katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols. Kesi ilihusu wanafunzi wa San Francisco wenye asili ya China, na Mahakama ya Juu ilisema kumpa mtoto kitabu na mwalimu sawa na wenzake si usawa ikiwa haelewi kinachofundishwa. Shule lazima imsaidie.

Kumsaidia vipi? Hapa wengi huteleza. Mtoto wa darasa la saba hurudishwa kwenye hesabu za darasa la tatu, eti kwa kuwa Kiingereza hakijapanda. Lakini anayejua sehemu na desimali anazijua kwa lugha yoyote! Mwalimu makini humwachia swali lile lile gumu, ila humpa mchoro, maneno muhimu ya somo na nafasi ya kujadiliana na mwenzake kwa Kiswahili kabla ya kuandika.

Msaada usikatwe mapema pia. Tafiti za Jim Cummins wa Canada zilionyesha kuwa Kiingereza cha mazungumzo huja kwa takriban miaka 2, cha masomo huchukua 5 hadi 7.

Mzazi naye ana haki ya kupata taarifa muhimu za shule kwa lugha anayoielewa. Aombe mkalimani, asimgeuze mtoto kuwa mkalimani wake.