Bakapu Isiyojaza Diski: Namna ya Kupatanisha Programu na Ghala Linaloondoa Marudio

Mwanachuo wa mwaka wa tatu analijua hili vizuri. Kwenye fleshi yake kuna faili linaitwa "utafiti", lingine "utafiti_mpya", lingine "utafiti_mwisho", na chini kabisa "utafiti_mwisho_kabisa_hii_ndiyo". Ukiyafungua yote manne, kurasa nyingi ni zilezile. Kilichobadilika ni sura ya tatu tu, ile ambayo msimamizi aliirudisha ikiwa imejaa wino mwekundu. Sasa zidisha hilo kwa chuo kizima: usajili, ada, matokeo, mihadhara, kila usiku, mwaka mzima. Hakuna diski itakayotosha.

Ndiyo maana taasisi kubwa hutumia ghala linaloondoa marudio, ambalo mafundi wanaliita "la didupu". Mimi nasoma ualimu, somo langu la kufundishia ni kompyuta, na nimeandika hili kwa sababu wengi wetu tukifika shuleni tutakabidhiwa "mambo ya kompyuta" yote, zikiwemo alama za wanafunzi. Hata wewe wa sheria au uhasibu, ofisi utakayoenda itakuwa na seva mahali fulani.

Suala hili siyo la mafundi peke yao. Nilipokuwa kwenye mazoezi ya kufundisha, shule niliyopangiwa ilikuwa inanakili folda lote la alama kila jioni kwenye diski ya nje, kila siku folda jipya lenye tarehe. Diski ikajaa, mafolda ya zamani yakafutwa. Wiki mbili baadaye ikagundulika kwamba alama za kidato cha pili za muhula uliopita zilikuwa zimefunikwa na za muhula mpya, na nakala nzuri zilikuwa kwenye mafolda yaleyale yaliyofutwa. Walimu wakaanza kuingiza upya kutoka kwenye madaftari. Daftari la mkondo mmoja halikuonekana, wanafunzi wake wakapewa mtihani upya. Wapo waliopata chini ya walichokuwa nacho, na hakukuwa na wa kumlalamikia.

Ghala linafanyaje kazi?

Ghala la aina hii halihifadhi faili likiwa zima. Linalikata vipande, na kila kipande linakipigia hesabu ili kupata alama yake, mfano wa alama ya kidole. Hesabu inayotumika sana ni SHA-256, ambayo alama yake ukiiandika ni herufi na tarakimu 64. Kipande kikifika, ghala linajiuliza: alama hii ninayo? Ikiwepo, linaandika rejea tu. Isipokuwepo, ndipo linakihifadhi.

Utamu uko kwenye mahali pa kukata. Chukua methali tuliyoimbishwa tangu darasa la kwanza, bila nafasi: harakaharakahainabaraka. Ukikata kila herufi sita unapata: haraka, haraka, hainab, araka. Vipande viwili vya mwanzo vinafanana, kwa hiyo kinahifadhiwa kimoja. Safi. Lakini ongeza "ee" mwanzoni, ukate tena: eehara, kahara, kahain, abarak, a. Hakuna hata kimoja kinachofanana na vya mwanzo! Herufi mbili tu zimeharibu kila kitu.

Sasa badilisha kanuni: kata kila unapokuta "ka". Methali ya mwanzo inatoa haraka, haraka, hainabaraka. Ile yenye "ee" inatoa eeharaka, haraka, hainabaraka. Kipya ni kipande kimoja tu. Kukata kwa kufuata yaliyomo ndiyo siri ya maghala mengi ya leo. Watafiti wa MIT walilitumia wazo hili mwaka 2001 kwenye mfumo wao wa mafaili ulioitwa LBFS. Kufikia 2009 biashara yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba EMC iliinunua kampuni ya Data Domain kwa takriban dola bilioni 2.1.

Tupige hesabu. Una data za gigabaiti 100, na kila siku asilimia 2 zinabadilika. Nakala kamili kwa usiku 30 ni gigabaiti 3,000. Ghala linaloondoa marudio litahitaji 100 za usiku wa kwanza, na 2 kwa kila usiku kati ya 29 uliobaki: jumla 158. Hapo hata sijahesabu kubana.

Ugomvi wa programu na ghala

Hizo 158 hazipatikani kwa kununua ghala na kuchomeka waya. Programu za bakapu zilizaliwa zamani za tepu na diski ndogo, zikafundishwa kubana, kusimba na kuchanganya data kabla ya kuzituma. Ghala nalo linataka kuziona data kama zilivyo. Wote wawili wakijifanya wajuaji, kazi inaharibika. Kwa hiyo, ukipewa kazi ya kupanga mipangilio, angalia mambo manne.

La kwanza, kubana. Faili likishabanwa, badiliko dogo mwanzoni hubadilisha karibu kila kinachofuata, na ghala halitambui tena kitu. Zima ubanaji kwenye programu, uache ghala libane lenyewe baada ya kuondoa marudio. Kama mtandao ni mwembamba na unahitaji kubana njiani, Veeam, kwa mfano, ina chaguo la kufumua data kabla ya kuziandika ghalani.

La pili, kusimba. Usimbaji mzuri hufanya kitu kilekile kikisimbwa mara mbili kitoe matokeo mawili yasiyofanana. Ni salama, lakini ukisimba kabla, ghala litaona kila usiku data mpya kabisa, na utarudi kwenye zile gigabaiti 3,000. Siyo kwamba uache kusimba, hapana. Panga ghala lisimbe lenyewe, na njia ya kusafirishia data isimbwe pia, kwa sababu ule wa njiani hufumuliwa data zikifika.

La tatu, kuchanganya. Enzi za tepu, programu kama NetBackup zilikuwa zinasuka data za seva kadhaa kwenye mkondo mmoja ili tepu isisimame. Kwenye ghala hili ukisuka, vipande vya seva moja vinachanganyika na vya nyingine kila usiku kwa mpangilio tofauti. Lizime.

La nne, amua nani anaondoa marudio. Ikifanyika kwenye kompyuta inayotuma, unaokoa bando, lakini kompyuta hiyo inachoka. Ikifanyika ghalani, mzigo wa hesabu unahama lakini data zote zinapita mtandaoni. Chagua moja, au tumia programu na ghala vinavyoelewana kugawana kazi hiyo.

Kwa shule au klabu isiyo na hela ya ghala kubwa, restic na BorgBackup ni za bure na zinafuata mpangilio sahihi zenyewe: kwanza kukata, kisha kutafuta alama, halafu kipande kipya kinabanwa na kusimbwa. Diski ya kawaida inatosha. Ila nenosiri la restic likipotea, data zimekwenda, kwa hiyo liandikwe na litunzwe mahali pawili.

Usitegemee miujiza

Mafaili ya docx na xlsx tayari yamebanwa kwa ndani, ni ya zip. Ukibadilisha aya moja ya utafiti, sehemu kubwa ya maandishi yake itaonekana mpya. Video za mihadhara nazo zimebanwa. Faida hapo inakuja pale ambapo faili halijaguswa tangu jana, au limehifadhiwa na watu kumi.

Kufuta nako kuna mtego. Kwenye restic, amri ya forget inaondoa tu nakala kwenye orodha. Nafasi inarudi ukiendesha prune, inayotafuta vipande visivyohitajika na nakala yoyote. Mtu asiyelijua hili anaweza kufuta mpaka nakala za muhimu, akishangaa diski haipungui.

La hatari zaidi ni hili: kipande kimoja kinatumikia nakala za usiku zote 30. Kikiharibika, zote zimeguswa. Nakala 30 kwenye ghala moja siyo ulinzi wa mara 30. Lazima liwepo ghala la pili, ikiwezekana jengo jingine kabisa, na lile la kwanza likaguliwe mara kwa mara. Pia kurudisha data huchukua muda, maana vipande vimetawanyika. Jaribu kurudisha kabla ya siku ya shida, pima saa, andika.

Sisi wanachuo hatushiki funguo za chumba cha seva. Lakini matokeo yaliyomo ni yetu, na mtu anaweza kudisko kwa alama iliyopotea. Napendekeza viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, kwenye kikao kijacho na utawala, waulize maswali matatu: nakala ya pili ya matokeo yetu iko jengo gani? Inarudi nyuma siku ngapi? Na ni lini mara ya mwisho ilijaribiwa kurudishwa? Majibu yake hayahitaji ufundi wowote kuyaelewa, yanahitaji tarehe na mahali tu.