BARUA ILIYOLALA REMERA SIKU NNE



Jumamosi moja tulikaa katika ukumbi wetu mpya hapa Remera, upande wa Giporoso, tukiwangoja wajumbe wa matawi. Viti 63 vilikuwa vimepangwa, chai imechemka, na karatasi za mapendekezo ya mkataba zimekwisha kupigwa chapa. Saa tatu ikapita, saa nne ikapita. Ilipofika saa tano tulihesabu wajumbe 12, na wote walikuwa wa Kigali: wa viwanda vya Masoro na sisi wenyewe wa ofisini. Kutoka mashamba ya chai ya Nyamagabe, Rusizi, Rubavu na Gicumbi hakufika hata mmoja.

Katiba yetu inataka nusu ya wajumbe wawepo ndipo kura ipigwe. Kwa hiyo mapendekezo juu ya malipo ya kilo ya majani hayakupigiwa kura, na waajiri tuliokuwa tukutane nao wiki iliyofuata tukalazimika kuwaomba watungoje. Mwajiri anayeombwa angoje, ndugu zangu, huona raha sana.

Nitasema ukweli, maana ukumbini mlikuwepo na mlisikia. Jambo la kwanza tulilofanya ni kuwalaumu watu wa mashamba. Mmoja akasema wamelala. Mwingine akasema hawajali chama mpaka wafukuzwe kazi. Mimi mwenyewe nilitikisa kichwa kukubali. Halafu nikampigia simu mwenyekiti wa tawi moja la Rusizi, mzee aliyechuma chai tangu ujana wake, nikamwuliza kwa ukali kidogo mbona hawakuja. Akanyamaza, kisha akaniuliza: "Barua gani, ndugu?"

Barua ilitumwa Jumanne jioni. Niliiona kwa macho yangu ikitoka kwenye kompyuta ya katibu. Imeandikwa, imebonyezwa, imeondoka. Hivyo ndivyo nilivyodhani. Kijana anayetunza mitambo yetu hakubishana nami. Alinipeleka stoo, kwenye ile kompyuta isiyozimwa usiku wala mchana, tunayoiita seva, akafungua dirisha jeusi lisilo na picha wala kipanya, akaandika neno moja tu:

mailq

Ikatokea orodha ya barua 9 ambazo hazijaondoka. Ya kwanza ilikuwa ya mkutano, na chini yake zimepangwa anwani 49. Barua yetu ilikuwa imelala pale pale Remera siku nne, hatua 10 kutoka ukumbini.

Hapa yafaa nieleze kidogo, kwa sababu wengi wetu tunadhani barua pepe huruka moja kwa moja kutoka kidole cha mtumaji mpaka simu ya mpokeaji. Sivyo. Huenda kwa vituo, kama bahasha unayoipeleka Nyabugogo ili basi liichukue. Unapobonyeza kutuma, umemkabidhi karani tu. Karani wetu ni programu iitwayo Postfix, aliyoitunga Mholanzi mmoja, Wietse Venema, na kuitoa mwaka 1998. Karani huyu huiweka barua kwenye foleni, kisha huibishia hodi mashine ya kule inakokwenda. Ikimfungulia, huikabidhi. Ikikataa kufungua, hairudishi barua papo hapo. Huihifadhi na kujaribu tena baada ya dakika chache, halafu baada ya muda mrefu zaidi, mpaka kufikia saa moja hivi kati ya jaribio na jaribio. Huendelea hivyo kwa siku 5. Zikiisha siku 5, ndipo humrudishia mtumaji na kumwambia imeshindikana.

Siku 5! Sisi tulituma Jumanne kwa mkutano wa Jumamosi. Habari ya kushindikana ingetufikia Jumapili jioni, viti vimekwisha kukunjwa.

Ustahimilivu huo una asili yake, na si wa kijinga. Kanuni ambayo mashine hutumia kupokezana barua iliandikwa mwaka 1982, wakati nyaya zilikuwa chache na mashine zikizimwa mara kwa mara. Hata huku kwetu Afrika Mashariki, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kompyuta za Nairobi na Kampala zilizoshughulika na barua pepe zilizikusanya mchana kutwa, kisha zikapiga simu ya ng'ambo mara chache kwa siku kuzisukuma zote pamoja, kwa sababu dakika ya simu ilikuwa ghali mno. Barua kukaa foleni usiku kucha lilikuwa jambo la kawaida. Leo sisi tumezoea upesi, lakini karani bado ana subira ile ile ya zamani.

Basi kwa nini wale 14 walipata na wale 49 wakakosa? Jibu lake liliniuma kuliko yote. Wale 14 ni viongozi na watumishi wa ofisi. Masanduku yao ya barua yako ndani ya seva yetu wenyewe. Barua yao haikuvuka hata kizingiti. Wale 49 ni wajumbe wa mashamba na viwanda, ambao anwani zao ni za makampuni ya nje, zile za bure wanazofungua kwenye simu. Barua zao ndizo zilizohitaji kutoka mlangoni. Na mlango ulikuwa umefungwa.

Tulikuwa tumehama. Ofisi mpya ilikuja na mstari mpya wa intaneti, na mtoaji wa mstari huo, kama watoaji wengi duniani, hufunga mlango namba 25. Huo ndio mlango ambao mashine hupitishiana barua. Huufunga kwa sababu kompyuta zilizoambukizwa virusi huutumia kumwaga maelfu ya barua za utapeli. Si uovu, ni komeo la kuzuia wezi, na sisi hatukuuliza habari zake siku ya kusaini. Tuliuliza bei na kasi tu. Matawi mnaotaka kuweka seva yenu, liulizeni hilo kwanza.

Dawa yake si ngumu. Karani huambiwa asibishe hodi mwenyewe kwa kila mtu, bali barua zote azipeleke kwa posta moja kubwa, kwa mlango namba 587, akionyesha jina na neno la siri. Posta hiyo ndiyo itakayozisambaza. Kijana aliandika mistari michache katika faili la mipangilio, kazi ikaisha kwa muda wa nusu saa. Kisha akanyoosha mkono aandike amri hii:

postqueue -f

Maana yake ni kumwambia karani: jaribu barua zote sasa hivi. Nikamzuia. Barua ya mkutano ilisema "Jumamosi hii saa tatu". Saa hiyo ilikuwa Jumamosi saa tisa alasiri. Kama tungeifungulia, watu 49 wangepata mwito wa mkutano uliokwisha, wengine wangesoma Jumatatu na kudhani ni Jumamosi ijayo, wangepanda basi la alfajiri kwa nauli yao na kukuta mlango umefungwa.

"Basi tuifute foleni yote," akasema, na akanionyesha kuwa iko amri fupi inayosafisha kila kitu mara moja. Hapo nami nikataka kukubali, maana nilikuwa na hasira na ile orodha. Lakini tukazipitia zile 8 nyingine kwanza. Ya sita ilikuwa ni jibu letu kwa mama mmoja aliyeachishwa kazi kiwandani, tukimweleza siku ya kusikilizwa shauri lake na karatasi za kuleta. Shauri lilikuwa Jumatano. Mama huyo alikuwa akingoja, na sisi tulidhani tumekwisha kumjibu. Kama tungefagia foleni yote, barua yake ingekwenda na takataka, na hakuna mtu ambaye angejua.

Kila barua katika foleni ina namba yake, mchanganyiko wa herufi na tarakimu, mwanzoni mwa mstari. Tukaifuta ile moja tu kwa namba yake:

postsuper -d namba

Halafu ndipo tukafungulia zilizobaki. Tukamtazama karani akiandika katika daftari lake. Daftari hilo katika mashine yetu liko mahali paitwapo /var/log/mail.log, na kila barua ina mstari wake wenye neno la hali: sent, imekabidhiwa, deferred, imeahirishwa, bounced, imekataliwa. Pembeni huwa pana namba. Ikianza na 2, kama 250, mashine iliyobishiwa hodi, kwetu sasa ile posta kubwa, imepokea. Ikianza na 4, njoo baadaye. Ikianza na 5, usirudi tena, mara nyingi kwa sababu anwani haipo. Ya mama ilionyesha 250. Hata hivyo 250 haisemi kuwa amesoma, inasema imepokewa. Tukampigia na simu.

Najua wapo watakaouliza, kwa nini tusitumie WhatsApp tu kama watu wote? Tunaitumia. Lakini mwito rasmi wa mkutano, jibu la shauri na barua kwa mwajiri vinataka kuwa na kumbukumbu ambayo chama kinaishika chenyewe, yenye tarehe na saa, ambayo haipotei simu ya katibu ikianguka majini. Lile daftari la karani limewahi kutusaidia tena baadaye, mtu alipodai hakupata taarifa. Tulimsomea saa, dakika na sekunde ambayo posta kubwa iliipokea kutoka kwetu.

Tangu siku ile tumebadili mambo matatu au manne. La kwanza ni kwamba karani ameamriwa asingoje siku 5 ndipo aseme. Kwa kawaida yake hanung'uniki kabisa, lazima aagizwe. Amri yake ni:

postconf -e 'delay_warning_time = 4h'

kisha postfix reload ili aisikie. Sasa barua ikikwama saa 4, katibu hupata onyo.

Jambo jingine linahusu majina yenu. Ile barua ya kwanza katibu aliiandikia anwani zote 63 juu yake, kila mtu akiona za wenzake. Mjumbe mmoja aliniambia baadaye kwamba yeye husoma barua kwenye kompyuta ya ofisi ya shamba, karani wa mwajiri amekaa nyuma yake. Hebu fikirini: orodha nzima ya wajumbe wetu wa nchi nzima, mbele ya macho hayo! Nchi yetu ina sheria ya kulinda data binafsi na faragha, Namba 058/2021 ya mwezi wa Oktoba 2021, lakini hata isingekuwapo, mjumbe aliyetupa anwani yake hakutupa ili tuitangaze. Sasa anwani zote ziko katika faili moja ndani ya seva, na katika faili la /etc/aliases tumeandika kwamba jina "wajumbe" maana yake ni orodha ile. Baada ya kuandika, sharti uite newaliases, la sivyo karani haoni mabadiliko. Kisha kutuma ni mstari mmoja:

mail -s "Mkutano wa matawi" wajumbe < barua.txt

Anayepokea huona neno wajumbe tu. Jina la mwenzake halimo.

Na hapa kuna jambo ambalo kamati ililijadili mpaka giza likaingia. Kutazama foleni kwa mailq ni ruhusa ya yeyote mwenye jina katika seva. Lakini kufuta barua, na hata kuifungua ikiwa foleni na kuisoma, ni uwezo wa yule aliyeshika ufunguo mkuu wa mashine. Kijana wetu ni mwaminifu, nami namheshimu kama mdogo wangu. Hata hivyo mtu mmoja peke yake asishike malalamiko ya wafanyakazi wote. Tuliamua ufunguo ushikwe na wawili, nakala yake ikae katika bahasha iliyofungwa kwa mweka hazina, na mmoja wao akiondoka, ubadilishwe siku hiyo hiyo. Kijana mwenyewe ndiye aliyeunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote. Alisema amechoka kuamshwa usiku peke yake.

Mimi niliishia shule ya msingi. Niliogopa lile dirisha jeusi kwa sababu lina Kiingereza na halina picha. Lakini amri nilizowaandikia hapa ni chache kuliko majina ya vipuri vya mashine ya kukaushia majani, ambavyo wengi wenu mnavijua kwa kuvigusa gizani. Mimi nimebandika karatasi yake ukutani. Kila asubuhi kabla ya kuvua koti naandika mailq, na siku nyingi hunijibu kuwa foleni ni tupu.

Mkutano uliitishwa tena baada ya wiki tatu. Safari hii tulituma siku 12 mapema, na jioni ile ile tukalisoma daftari mstari kwa mstari. Anwani 4 zilirudi na namba 550. Mbili zilikosewa herufi, mbili wenyewe walikuwa wamekwisha kuzibadili. Tukawapigia simu. Walikuja wajumbe 58. Yule mzee wa Rusizi alifika usiku wa kuamkia, akalala kwa mpwa wake Kisimenti, na saa mbili asubuhi alikuwa amekaa mstari wa mbele na barua yake mkononi, ameipiga chapa kwenye karatasi.