Meli zilizonaswa vitani

Hii si ya paukwa-pakawa, wajukuu zangu. Hii ilitokea kweli.

Asubuhi ya Juni 5, 1967, meli 14 za mizigo zilikuwa zikipita Mfereji wa Suez, kule Misri, zikielekea kaskazini. Asubuhi hiyohiyo ndege za Israel zikavishambulia viwanja vya ndege vya kijeshi vya Misri. Ugomvi wenyewe ulikuwa wa zamani. Israel ilipoundwa mwaka 1948, majirani zake Waarabu waliingia vitani kuipinga, na Wapalestina wapatao 700,000 wakapoteza makwao, wengine kwa kufukuzwa, wengine kwa kukimbia. Safari hii vita vilichukua siku sita tu. Israel ikatwaa Sinai, Gaza, Ukingo wa Magharibi, Jerusalem Mashariki na vilima vya Golan.

Na zile meli je? Misri iliuziba mfereji kwa kuzamisha vyombo, zikakwama katika ziwa la Great Bitter, ambalo mfereji huo hulipitia: Wamisri ng'ambo hii, Waisraeli ng'ambo ile, wakirushiana makombora. Zilikaa miaka minane! Mchanga wa jangwani ukazipaka rangi ya manjano. Mabaharia walikuja kwa zamu, na hapa ndipo ninapopapenda: Waingereza, Wamarekani, Wapoland na Wabulgaria, ambao serikali zao zilikuwa hazipikiki chungu kimoja, wakaanzisha chama chao, wakachora stempu kwa mkono, na mwaka 1968 wakafanya olimpiki yao palepale ziwani. Huku kwetu, meli zilizotoka Ulaya kuja Mombasa na Dar es Salaam zililazimika kuizunguka Afrika Kusini.

Oktoba 6, 1973, Misri na Syria zikayashambulia kwa pamoja majeshi ya Israel yaliyokuwa Sinai na Golan. Kando ya mfereji Waisraeli walikuwa wamerundika ukuta mrefu wa mchanga. Mnadhani Wamisri waliubomoa kwa mabomu? Thubutu! Walivuta maji ya mfereji kwa pampu, wakaupiga kwa mipira ya maji hadi ukamomonyoka, vifaru vikapita. Katika vita hivyo moja ya zile meli 14, African Glen ya Marekani, ilipigwa ikazama.

Mfereji ulifunguliwa tena Juni 5, 1975. Mwaka 1979 Misri na Israel zikatia saini mkataba wa amani, na Misri ikarudishiwa Sinai. Wapalestina hawakuwemo katika kutia saini. Baadhi ya wakimbizi wa 1948, watoto wao na wajukuu wao, wamebaki kambini Gaza, Lebanon na Jordan, na hiyo ni sababu mojawapo inayofanya mzisikie habari za vita vya huko redioni mpaka leo.