LUGHA MOJA, NDIMI NYINGI: KUZOEA LAFUDHI NA DESTURI ZA AYALANDI

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), Aali zake, Sahaba zake na wote waliofuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baad.



Zamani tulipoaga familia zilizohama, wengi walikuwa wakienda Oman, Dubai au Uingereza. Siku hizi tunasikia pia Ayalandi. Huyu kapata kazi ya uuguzi, yule kapata nafasi ya chuo, mwengine anamfuata mume au mke. Na watoto, ambao ni wanafunzi wetu, wanakwenda nao.

Mmoja wa wanafunzi wetu wa zamani aliondoka hivyo pamoja na wazazi wake. Alipokuwa hapa alikuwa wa kwanza kunyanyua mkono darasani. Alipotupigia simu baada ya mwezi, tulimuuliza masomo yanakwendaje, akanyamaza. Kisha akasema: "Ustadh, Kiingereza nilikijua, lakini kile si kile nilichokijua. Naogopa kujibu, maana sina hakika nimeulizwa nini." Shuleni kwao walidhani hajui Kiingereza kabisa.

Maneno yale yalitukaa moyoni. Tumeona tuandike yale tunayoyajua, ili anayehama ajiandae, na anayebaki ajue ndugu yake anapitia nini.

NCHI YENYEWE

Ayalandi ni kisiwa kilichoko magharibi ya Uingereza. Sehemu kubwa ni Jamhuri ya Ayalandi, na mji mkuu wake ni Dublin. Sehemu ya kaskazini-mashariki ni Ayalandi ya Kaskazini, ambayo ni sehemu ya Uingereza. Msafiri asizichanganye, kwani ni serikali mbili zenye fedha mbili na viza mbalimbali.

Kwa hesabu ya watu ya mwaka 2022, Jamhuri ilikuwa na watu zaidi ya milioni 5. Asilimia 69 walijiandikisha kuwa Wakatoliki. Waislamu walikuwa zaidi ya 80,000. Jumuiya ya kwanza ya Kiislamu ya Dublin iliundwa na wanafunzi mwaka 1959, na mwaka 1976 wakapata msikiti katika mtaa wa Harrington. Mwaka 1983 wakahamia South Circular Road, katika jengo lililokuwa kanisa. Msikiti wa kwanza kujengwa tokea msingi katika Jamhuri ulisimama mwaka 1987 katika mji mdogo wa Ballyhaunis, ambako kulikuwa na kiwanda cha nyama ya halali. Anayehama leo, basi, anakuta waliomtangulia.

Lugha rasmi ni mbili, Kiayalandi na Kiingereza. Kiayalandi, ambacho wenyewe hukiita Gaeilge, ndicho lugha ya kwanza kwa mujibu wa katiba, na vibao vingi vya barabarani vimeandikwa kwa lugha hiyo pamoja na Kiingereza. Polisi huitwa Gardaí. Waziri Mkuu huitwa Taoiseach, na ile sauti ya mwisho kwa Kiayalandi ni khaa (خ), mnayoijua nyinyi tokea juzuu ya Amma! Hata hivyo watu wengi, siku nyingi, husema Kiingereza. Na hapo ndipo kazi inapoanza.

LAFUDHI SI KOSA

Tukisoma tajwidi tunafundishwa makhraj ya thaa (ث), kwamba ncha ya ulimi iguse ncha za meno ya juu. Ndiyo maana mtoto wetu hutamka "three" ya Kiingereza bila ya taabu. Akifika Ayalandi anakuta wengi hawatoi ulimi. "Three" husikika kama "tree", na "thirty" kama "tirty". Mtoto huyo anaambiwa afungue ukurasa wa tatu, naye anatafuta mti!

Sauti nyengine za kuzijua ni hizi:

1. Herufi r huitamka popote ilipo. Kiingereza tulichofundishwa shuleni humeza r ya mwisho, "car" ikawa kama "kaa". Wao huitoa wazi.

2. Herufi t ikiwa mwisho wa neno wengi huilegeza mpaka ikakaribia sh, na "what" ikasikika kama "wosh".

3. "Film" wengi wao husema "filim", kwa kutia irabu katikati. Msiwacheke, kwani na sisi tumeifanya "filamu".

4. Kila jimbo lina lafudhi yake. Watu wa Cork husema kwa kupandisha na kushusha sauti kama wanaoimba, na watu wa Donegal, kaskazini, wana lafudhi inayokaribia ya Waskochi. Mtu aliyezoea Dublin akienda huko naye hutega sikio. Ni kama Mvita na Mpemba; lugha moja, lakini kila mmoja na ulimi wake.

Tunakumbuka kisa kilichopokewa na Bukhari na Muslim. Umar bin Khattab (R.A.) alimsikia Hisham bin Hakim (R.A.) akisoma Suratul Furqan kwa namna asiyoijua yeye. Akamshika kwa nguo yake akampeleka kwa Mtume (S.A.W.). Mtume akaamuru aachiwe, akawasikiliza wote wawili, na kila mmoja akamwambia kuwa sura imeteremshwa hivyo. Visomo vya Qur-ani ni wahyi, na wala hatuvilinganishi na lafudhi za mitaani. Tunachochukua hapa ni adabu: sikiliza kwanza, usihukumu kuwa mwenzako amekosea kwa kuwa hakusema kama ulivyozoea wewe.

MANENO YANAYOPOTEZA WAGENI

Waayalandi waliingia katika Kiingereza wakiwa na lugha yao, wakahama na mpango wake wa maneno. Kwa mfano husema "I'm after eating". Mgeni hudhani mtu huyo anatafuta chakula. Kumbe maana yake ni "nimetoka kula sasa hivi", kwani Kiayalandi hupanga hivyo. Ukimpikia utamshibisha mara mbili.

Tena kuna neno "ye" au "yous". Kiingereza cha vitabuni kina "you" moja kwa mtu mmoja na kwa watu wengi. Sisi tuna wewe na nyinyi. Kiayalandi nacho kina neno la mmoja na neno la wengi. Hawakuridhika kupoteza nyinyi yao, wakaitafutia neno. Mswahili atawaelewa vizuri sana kwa hilo.

Maneno mengine ya kushika:

- "Grand" si kitu kikubwa. Ni "sawa" au "vizuri tu".
- "Your man" si mume wako. Ni "yule bwana", mtu yeyote anayezungumzwa. Mama mmoja aliambiwa "your man" yuko mlangoni, akastaajabu mumewe karudi vipi kazini mapema. Alikuwa fundi wa bomba.
- "Craic", hutamkwa "krak", ni mazungumzo na furaha ya watu waliokaa pamoja. Si dawa za kulevya, kama wageni wengi wanavyohofia. Ukiulizwa "What's the craic?" umeulizwa "habari gani?"
- "Giving out" ni kugomba. Mwanafunzi akisema mwalimu alikuwa "giving out", hakugaiwa kitu, alikaripiwa.
- "Press" ni kabati, na "hot press" ni kabati lenye tangi la maji ya moto.
- "I will, yeah" ikisemwa kwa sauti ya mzaha maana yake ni "sifanyi". Hapa sikiliza sauti kuliko maneno.

DESTURI ZISIZO MBALI NA ZETU

Wengi hufikiri kila kilichoko Ulaya ni kigeni kwetu. Si hivyo.

Mgeni akiingia nyumbani hupewa chai. Atakataa mara ya kwanza, atabembelezwa, atakataa tena, kisha atakunywa. Anayekubali mara moja huonekana ana haraka. Je, si hivi alivyotufundisha bibi? Tena chai yenyewe ni nyeusi ya maziwa, na mara nyingi majani yake yametoka Kenya na Rwanda.

Abiria akishuka basini humshukuru dereva. Katika njia za mashamba dereva hunyanyua kidole kutoka kwenye usukani kumsalimu hata asiyemjua. Watu wazima husema "please God" wanapotaja jambo la kesho, kama tusemavyo Inshaallah, na wakimtaja aliyekufa humuombea rehema.

Kwenye msiba ndipo utawajua. Redio za mikoani husoma matangazo ya vifo, kama tulivyozoea kwetu. Mazishi hufanyika baada ya siku mbili tatu, na huhudhuria majirani, wafanyakazi wenzake na hata waliomjua kidogo tu. Humpa mkono mfiwa na kusema "Sorry for your trouble", yaani pole kwa msiba. Jirani yako akifiwa, nenda ukampe pole. Hutakiwi kushiriki katika ibada yao ili kutekeleza haki ya ujirani.

Pia wana utani, na huuita "slagging". Anayekutania huenda amekupenda. Lakini wazazi, sikilizeni vizuri. Utani ni wa pande mbili, na wote hucheka. Mtoto akitukanwa kwa rangi yake, hijabu yake au dini yake, huo si utani. Aelezwe mwalimu siku hiyo hiyo, na mzazi afike shuleni. Mtoto asiachiwe kubeba peke yake.

PA KUKAZA MIGUU

Wahenga walisema: ukenda kwa wenye chongo, nawe vunja lako jicho. Sisi tunasema: lifumbe kidogo kwa adabu, usilivunje. Desturi tunaizoea, dini hatuiachi.

Swala. Mwezi wa Disemba mjini Dublin jua huchomoza baada ya saa 2 na nusu asubuhi na kuzama saa 10 na dakika chache alasiri. Adhuhuri, Alasiri na Magharibi zote huingia kati ya saa 6 na nusu na saa 10 na robo, wakati wa shule na kazi. Mwezi wa Juni jua huzama karibu ya saa 4 usiku. Sisi tuliozoea Magharibi ya saa 12 na nusu mwaka mzima tunahitaji jaduweli ya msikiti wa pale na ruhusa iliyoombwa mapema. Waajiri na walimu wengi hukubali wanapoelezwa kwa upole.

Baa. Maisha yao ya mikusanyiko huzunguka baa. Mwambie mwenzako waziwazi kuwa hunywi na hukai penye ulevi, kisha mualike nyumbani kwa chai. Usimdanganye kila wiki kuwa unaumwa.

Salamu. Kwa Kiayalandi husema "Dia duit", yaani Mungu awe nawe. Jibu lake la kawaida humuongeza Maryam pamoja na Mungu. Sisi tunamtukuza Maryam (A.S.), lakini hatumuombi. Jibu kwa Kiingereza na tabasamu, hakuna atakayechukia. Kupeana mkono nako ni kawaida yao. Asiyemshika asiye maharimu aweke mkono kifuani, na aseme sababu yake kwa upole.

Shule. Shule nyingi za msingi ziko chini ya Kanisa Katoliki, lakini katiba inampa mzazi haki ya kumtoa mtoto katika somo la dini. Haki hiyo haiji yenyewe. Iombeni siku ya kumuandikisha. Kuna pia shule za msingi za Kiislamu mjini Dublin. Ya kwanza ilianza mwaka 1990.

Na tuwafanyie insafu. Tarehe 31 Julai 2020, msikitini hapakutosha kwa sababu ya masharti ya korona, Waislamu wapatao 200 waliswali Idd el Adh-ha katika Croke Park, uwanja mkubwa kabisa wa michezo yao ya asili. Wenyewe waliwafungulia.

TUANZIE HAPA HAPA

Katika Suratur Rum, aya ya 22, Allah (S.W.) anatueleza kuwa kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu ni katika ishara Zake. Na katika Suratul Hujurat, aya ya 11, anatukataza watu kuwadharau watu wengine.

Nabii Musa (A.S.) alimuomba Mola wake amfungue fundo la ulimi, na akasema ndugu yake Harun ni fasaha kuliko yeye. Ni nani aliyemkejeli kuwa hawezi kusema wazi? Ni Firauni, kama ilivyo katika Suratuz Zukhruf, aya ya 52. Basi anayemcheka mtu kwa ulimi wake ajue anafuata mwendo wa nani.

Tunalisema hili kwa masikitiko, kwani tumelisikia ndani ya darasa letu. Amekuja mtoto kutoka bara, akasoma "Alhamdu" kwa haa nyepesi, na wenzake wakaangua kicheko. Tangu siku ile hakujitolea tena kusoma. Mtoto yule hapa na binti yetu kule Ayalandi ni kitu kimoja. Wote wawili wana elimu kifuani, na wote wawili wamefungwa mdomo na hofu ya kuchekwa. Matamshi ya Qur-ani yasahihishwe, naam, lakini kwa upole, na mwanafunzi asivunjwe.

Binti yetu alitupigia tena baada ya miezi. Mama yake alikuwa amemfundisha sentensi moja: "Samahani, sijakufahamu, niambie tena taratibu." Mara ya kwanza aliisema huku akitetemeka. Mwalimu akarudia bila ya kuchukia. Siku ya pili msichana wa dawati la jirani akaanza kumnong'oneza maana. Sasa ananyanyua mkono. Na tulipomsikia akitamka "tirty" tulicheka, naye akacheka, kisha akatusomea Suratul Mulk kwa thaa na dhaal zake zote mahali pake.

Tunamuomba Allah (S.W.) awahifadhi watoto wetu waliko, awape majirani wema, na atujaalie sisi tuliobaki tuwe wenyeji ambao mgeni hatuogopi.

Wabillahi Tawfiq.