Kabla ya Kulipia Kiti Kwenye Ofisi ya Pamoja, Uliza Haya

Mwezi uliopita dadangu alinipigia simu baada ya swala ya Isha. Sauti yake ilikuwa nzito. Binti yake, ambaye kwa miezi minane amekuwa akiandika manukuu ya video kwa kampuni moja ya ng'ambo, alikuwa amechelewesha kazi kwa mara ya pili. Stima ilikatika Kisauni saa kumi jioni, ikarudi usiku wa manane, na bando la simu likaisha kabla faili halijafika. Kampuni ikamwandikia kwamba ikitokea mara ya tatu, kazi atapewa mwingine.

Mpwa wangu akataka kulipia kiti kwenye ofisi ya pamoja huko mjini. Mamake akakataa. "Kaka, ofisi gani hiyo mtu anakaa na watu asiowajua, kila mmoja na kazi yake? Mkubwa wao ni nani?"

Ndugu msomaji, swali la dadangu si la kuchekwa. Wengi wetu hapa Pwani tunayaona mabango ya hizi ofisi, mengine yameandikwa coworking, na hatujui ndani kunauzwa nini. Mimi nalijua kwa sababu nililipia mara moja nikapata hasara. Nitaeleza yote mawili: zinavyofanya kazi, na pale nilipokosea.

Si jambo geni kwetu

Ofisi ya pamoja ni mahali ambapo mtu mmoja au kampuni imekodi jumba au ghorofa, ikaweka meza, viti, mtandao, stima ya akiba, choo na mtu wa mapokezi, kisha ikawauzia watu mbalimbali nafasi ya kukaa humo kwa saa, kwa siku au kwa mwezi. Walio ndani si wafanyakazi wa mwajiri mmoja. Huyu ni mhasibu, yule anachora nembo za biashara, mwingine anafundisha watoto wa Ughaibuni kupitia kompyuta. Kwa hivyo jawabu la swali la dadangu ni kwamba hakuna mkubwa wa kazi humo, ila kuna mwenye mahali, na huyo ndiye wa kuulizwa.

Jina coworking lilianza kutumiwa kwa maana hii San Francisco, Marekani, mwaka 2005, na Brad Neuberg, mtengenezaji programu aliyechoka kufanya kazi peke yake nyumbani. Nairobi ilipata iHub mwaka 2010. Hapa kwetu Swahilipot ilianza mwaka 2016, karibu na Fort Jesus, kwa ajili ya vijana wa teknolojia na sanaa.

Lakini jambo lenyewe tunalo tangu zamani. Mafundi cherehani watatu hukodi kibaraza kimoja, kila mmoja na wateja wake, wakachanga kodi na stima. Mawakala wa forodha mjini wameshirikiana meza miaka mingi. Mimi mwenyewe, baada ya diploma yangu ya uwakala wa mizigo, nilikaa chumba kimoja na wenzangu wawili kwa miaka sita.

Mwaka 2019, serikali ilipoagiza makasha mengi yapelekwe Nairobi kwa reli, kazi ilipungua. Mwenzetu mmoja akaondoka, na mwenye jumba akatudai wawili tuliobaki kodi ya watatu. Tulipolalamika alitupa wiki mbili tutoke, na tukatoka. Baadaye sana ndipo nikajua kuwa sheria ya Kenya ya wapangaji wa maduka, mahoteli na mikahawa, Sura ya 301, ilikuwa upande wetu. Inamlinda mpangaji wa biashara asiye na mkataba wa maandishi, au ambaye mkataba wake hauzidi miaka mitano. Kumtoa au kumbadilishia masharti kunataka notisi ya maandishi ya miezi miwili au zaidi, na mpangaji akipinga, kuna mahakama maalumu ya kusikiliza shauri hilo.

Nalitaja hili kwa sababu ndipo tofauti kubwa ilipo. Kwenye ofisi ya pamoja, mara nyingi wewe si mpangaji. Umeuziwa ruhusa ya kutumia mahali. Kinga ile ya mpangaji usiitegemee, kwa hivyo kinga yako ni kile kilichoandikwa kwenye karatasi uliyotia sahihi.

Unalipia nini hasa

Kuna aina tatu kuu. Ya kwanza ni kiti popote: unaingia, unakaa palipo wazi, na jioni unaondoka na kila kitu chako. Hii ndiyo rahisi kwa bei. Ya pili ni meza yako maalumu, mara nyingi pamoja na kabati la kufunga. Ya tatu ni chumba kidogo chenye mlango, kwa mtu mmoja au watu wachache. Zaidi ya hizo, baadhi ya ofisi huuza anwani tu, barua zako zipokelewe hapo nawe uendelee kufanya kazi nyumbani.

Watu hulinganisha bei ya kiti kimoja na kingine, na huko ndiko kukosea. Kiti unacho nyumbani. Unachokwenda kununua ni stima isiyokatika, mtandao usiozimika, utulivu, na mahali pa kumkalisha mteja bila aibu. Ofisi isiyokupa hivyo ni ghali hata ikiwa na kahawa ya bure.

Mimi sikulijua hilo. Nilivutiwa na viti vya rangi, na nikaambiwa nikilipa miezi mitatu mbele napunguziwa. Nililipa shilingi 24,000. Wiki ya kwanza mambo yalikuwa mazuri. Wiki ya pili stima ilikatika. Jenereta ikawaka, taa zikawaka, lakini mtandao haukurudi, kwa sababu kifaa cha mtandao hakikuunganishwa na jenereta. Tulikaa tukitazamana kwenye mwanga mzuri. Tena mteja wangu wa Dubai alikuwa akipiga simu, nami nalazimika kutoka kusimama kwenye ngazi, maana ukumbi ulikuwa mmoja na kila neno lasikika. Mtu anakutajia thamani ya mzigo wake, na wapita njia wote wanaijua.

Nilipotaka kuondoka mwisho wa mwezi wa kwanza, nilionyeshwa kifungu kwenye karatasi niliyoitia sahihi bila kuisoma: malipo ya mbele hayarudi. Walikuwa na haki yao. Kosa lilikuwa langu.

Mwenye ofisi naye ni mpangaji

Usilipe mbele kabla ya kuelewa biashara hii inavyosimama. Mara nyingi mwenye ofisi ya pamoja hamiliki jumba. Amelikodi kwa miaka kadhaa, kodi yake haipungui, naye anakuuzia wewe kwa mwezi. Wateja wakiwa wengi anapata faida. Wakiondoka, kodi ya jumba inabaki palepale.

Hata wakubwa huangushwa na hilo. WeWork ya New York, iliyoanzishwa mwaka 2010, ilithaminiwa dola bilioni 47 mapema mwaka 2019. Novemba 2023 ilikwenda mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake, ikilemewa na kodi za majumba iliyojifunga kwa miaka mingi. Basi ofisi ndogo ya hapa kwetu ikifunga milango ghafla, pesa ulizolipa mbele utazidai kwa nani? Lipa mwezi kwa mwezi mpaka uwe umewajua, hata kama bei ya mwezi iko juu kidogo.

Piga hesabu kwanza

Chukua daftari. Tuseme kiti cha siku ni shilingi 800 na cha mwezi ni 10,000. Ukigawa utaona kuwa cha mwezi kinakufaa ukienda siku 13 au zaidi. Ukienda siku nane tu kwa mwezi, lipa kwa siku, na 3,600 zitabaki mfukoni.

Halafu ongeza nauli. Anayetoka Mtwapa au Likoni ahesabu matatu, tuktuk na muda wake. Feri haimngojei mtu mwenye kikao cha saa tatu, na daraja la Nyali asubuhi tunalijua sote. Ofisi ya bei nafuu iliyo ng'ambo ya maji yaweza kukugharimu kuliko ya bei ya juu iliyo karibu nawe. Ongeza pia chakula cha mchana. Jumla ikipatikana, ilinganishe na gharama ya kutengeneza nyumbani: faiba ya mwezi, pamoja na betri ndogo ya kushikilia kifaa cha mtandao stima ikikatika. Kwa wengine hilo peke yake latosha, wala ofisi hawaihitaji.

Tulivyokwenda kukagua

Nilimwambia dadangu asikatae wala asikubali, twende tukaone. Tukatoka watatu, siku ya kazi, saa nane mchana. Sikuchagua saa hiyo ovyo. Asubuhi kila ofisi ni tulivu. Nenda saa ambayo kazi yako ni nzito zaidi, na ulipie siku moja kabla ya kulipia mwezi.

Mahali pa kwanza palipendeza sana, lakini nilipouliza stima ikikatika mtandao hudumu muda gani, kijana wa mapokezi akasema, "Huwa haikatiki hapa." Tukamshukuru tukaondoka. Mji ambao umeshuhudia nchi nzima ikiingia gizani Agosti 2023 hauna jumba lisilokatika stima. Anayejua kazi yake atakuonyesha betri au jenereta, na atakwambia saa ngapi.

Mahali pa pili mtandao ulikuwa na kasi ya kushusha faili, lakini kupandisha ulikuwa mzito. Mpwa wangu aligundua mwenyewe, kwa kutuma faili la kazi yake halisi. Watu wengi hupima kushusha tu, na hali anayefanya kazi ya mtandao riziki yake iko kwenye kupandisha.

Mahali pa tatu viti vilikuwa vya kawaida na rangi ya ukutani imechubuka. Lakini walikuwa na laini mbili za mtandao za kampuni tofauti, betri iliyoshikilia vifaa vyote, na vyumba viwili vidogo vya kupigia simu. Hapo dadangu akaanza maswali yake, ambayo mimi nisingeyakumbuka. Choo cha wanawake kiko wapi, na mlango unafungika? Mahali pa kuchukulia udhu na kuswali panapatikana? Nani anabaki na funguo jioni? Mwanamke akisumbuliwa na mwenziwe, anamwambia nani, na mtu huyo atachukuliwa hatua gani? Mama aliyekuwa akisimamia pale alimjibu moja baada ya jingine bila kukasirika, akamwonyesha kijichumba cha kuswalia kilichotandikwa mkeka, na karatasi ya kanuni iliyobandikwa ukutani. Akaongeza kuwa wanafunga saa kumi na mbili unusu, na hakuna mwanachama anayeachiwa funguo.

Msomaji, maswali hayo si ya akina mama peke yao. Mahali penye majibu yake ni mahali penye msimamizi.

Siri za wateja

Jambo la mwisho ni kwa wale tunaoshika karatasi za watu. Mimi nina nakala za vitambulisho na PIN za KRA za wateja wangu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inanitaka nizilinde, na kusema nilikuwa kwenye ofisi ya watu wengi si udhuru. Usiache kompyuta wazi ukienda kuswali. Ukichapisha, simama kwenye mashine mpaka karatasi ya mwisho itoke. Kama huna kabati la kufunga, rudi nyumbani na karatasi zako. Na ikiwa unataka kutumia anwani yao kwa biashara yako, uliza kwa maandishi kama leseni yao ya kaunti inakufunika, au unahitaji yako.

Kabla ya sahihi, soma karatasi yote. Tafuta mambo manne: notisi ya kuondoka ni siku ngapi, pesa gani hurudi na lini, bei yaweza kupandishwa vipi, na wao wakifunga wewe unapata nini. Kisichoandikwa, omba kiandikwe. Kuandikiana si kutoaminiana. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ndani ya Suratul Baqara, inahusu kuandikiana madeni.

Mpwa wangu amelipia mwezi mmoja pale mahali pa tatu, kwa siku za kazi nzito, na siku nyepesi anabaki nyumbani. Wiki mbili zilizopita stima ilikatika tena Kisauni. Dadangu alinipigia simu kunieleza kuwa nyumbani ni giza. Nikamuuliza binti je. Akasema, "Yuko kazini. Amesema atarudi kabla ya Magharibi."